Betri ya gari la spoti linalolala gereji wiki nyingi: kuitunza, kuipima, kuibadilisha

WayaSawa (Nakuru), mwanzisha uzi

Wadau, swali la betri ya gari la wikendi linarudi kila mara hapa. Gari ni Subaru STI, Nissan Fairlady, Mazda Roadster (MX-5) au BMW ya milango miwili, linatoka mara moja au mbili kwa mwezi, betri mpya inakufa kabla ya miaka miwili, na lawama zote zinaliendea duka. Mara nyingi betri ilitoka dukani ikiwa nzima. Imeuawa na kukaa nusu tupu.

Tupige hesabu. Gari likizimwa na kufungwa halilali kabisa. Alamu, kipokezi cha rimoti, saa ya redio na kumbukumbu ya kompyuta ya injini vinaendelea kunyonya. Gari lisilo na hitilafu hunyonya miliampea 20 hadi 50. Miliampea 50 kwa saa 24 ni AH 1.2 kwa siku (AH ni ampea-saa, kipimo cha umeme ambao betri inabeba). Betri ya 55D23L ya STI, tuiweke AH 60, inafika nusu siku ya 25. Ongeza traka (kifaa cha kufuatilia gari lilipo) na alamu iliyofungwa mtaani, unyonyaji ufike miliampea 80, na nusu inafika siku ya 16. Roadster ya zamani, matoleo mawili ya kwanza yaitwayo NA na NB, inabeba betri ndogo ya AH 32 hivi. Kwa miliampea 50 iko nusu ndani ya wiki mbili.

Betri ikiwa nusu, stata bado inazungusha, kwa hiyo mwenye gari haoni shida. Ndani lakini bamba za risasi zimeanza kuvaa salfeti. Salfeti changa ni laini na inayeyuka ukichaji. Ikiachwa wiki kadhaa inajipanga kuwa fuwele ngumu zinazoziba bamba, na sehemu iliyozibwa haifanyi kazi tena. Ndiyo maana betri ya gari linalosimama hufa ikiwa na sura ya mpya kabisa.

Vipimo vya kukariri, betri ikiwa imetulia saa sita au zaidi bila chaji na bila kuwashwa: volti 12.6 hadi 12.7 imejaa, 12.4 imebaki robo tatu, 12.2 nusu, 12.0 robo, na chini ya 11.9 ihesabu kuwa tupu. Hiyo ni ya betri za maji, zenye asidi ya kumwagika. AGM, zilizofungwa na asidi yake imenyonywa na mikeka ndani, husoma juu kidogo, 12.8 na zaidi ikiwa imejaa. Mimi nasimama kwenye 12.4. Ikigusa hapo, chaji siku hiyo hiyo, usingoje wikendi.

Multimita ya bei ya chini inatosha, mradi inasoma tarakimu mbili baada ya nukta. Tofauti ya 12.6 na 12.2 ndiyo habari yenyewe, na jicho haliwezi kuiona.

Milimani_Boxer (Kisumu)

Fundi, shukrani. Wengi huku huwasha gari kila Jumamosi dakika kumi likiwa limesimama, kisha wanazima. Hiyo haitoshi?

WayaSawa (Nakuru)

Haitoshi, ndugu, na inaleta hasara nyingine.

Kuwasha kwenyewe hakuli sana. Stata ikivuta ampea 150 kwa sekunde mbili ni chini ya AH 0.1. Tatizo ni kile kilichonyonywa wiki nzima, AH 8 au zaidi, na betri haipokei chaji kwa haraka unayoidhani. Inapokaribia kujaa inapokea polepole zaidi, hata alteneta, jenereta ya injini inayochaji betri, iwe kubwa vipi. Gari likiwa limesimama injini ikinguruma tu, alteneta inazunguka taratibu, na sehemu ya umeme wake inaliwa na feni ya rejeta, pampu ya mafuta na kompyuta. Dakika kumi hazirudishi hata nusu ya deni la wiki.

Halafu kuna mvuke. Injini isiyopata joto kamili inaacha maji kwenye oili na ndani ya ekzosi. Maji hayo hukauka ukienda mwendo, na ukizima mapema yanabaki pale pale yakila chuma.

Kama unataka kuchaji kwa kuendesha, toka dakika 40 au zaidi barabara ya wazi. Wa Nakuru aende Gilgil na kurudi, wa Kisumu aende Ahero na kurudi, bila AC kama hali ya hewa inaruhusu. Hata hapo, betri iliyofika nusu haitajaa kwa safari moja. Itakaribia tu. Chaja ya ukutani ndiyo inayomaliza kazi.

Mamboleo_Umeme (Kisumu)

Nakubaliana naye, na naongeza la joto maana mwanzisha uzi anaishi kwenye ubaridi.

Nakuru iko juu, karibu mita 1,850, usiku kuna baridi. Kisumu tuko karibu mita 1,130 kando ya ziwa, na gereji ya mabati mchana inakuwa tanuri. Betri hujimaliza yenyewe hata ikiwa haijafungwa kwenye gari. Kwa nyuzi 25 ni asilimia 3 hadi 5 kwa mwezi kwa betri nzuri, na kasi hiyo inakaribia kuongezeka maradufu kwa kila nyuzi 10. Umri nao: mafundi wa betri duniani kote hutumia kanuni kwamba nyuzi 10 juu ya 25 zinakata maisha ya betri karibu nusu. Kwa hiyo gari likilala Kisumu, tafuta kivuli chenye upepo. Dari ya mbao au ya makuti chini ya mabati inapunguza joto kuliko watu wanavyofikiri.

Betri za maji zenye vifuniko zikaguliwe kila mwezi. Asidi iwe juu ya bamba kwa milimita 10 hadi 15, au katikati ya alama mbili ubavuni. Ikipungua ongeza maji safi ya betri peke yake. Usiongeze asidi, hata muuzaji akikushauri. Kinachokauka ni maji, asidi yenyewe inabaki ndani, na ukiongeza nyingine unaifanya kali mno inakula bamba. Tena ongeza baada ya kuchaji, si kabla, kwa sababu asidi hupanda betri ikichajiwa na itafurika. Isipokuwa bamba ziko wazi: hapo weka maji kidogo ya kuzifunika kwanza, ndipo uchaji.

Haidromita ndogo, kipima uzito wa asidi, ni rafiki mkubwa kwa betri za aina hii. Seli iliyojaa husoma 1.265 hadi 1.280. Seli tano zikisoma hivyo na ya sita ikabaki 1.150 hata baada ya kuchaji usiku kucha, seli hiyo imekwisha, na betri nzima nayo.

Lanet_GDB (Nakuru)

STI ya mwaka 2005. Ikijaa, baada ya siku tisa inasoma 12.1. Betri haijamaliza miezi mitano. Nianzie wapi?

WayaSawa (Nakuru)

Anzia kwenye unyonyaji, kaka. Usinunue betri nyingine kabla ya kupima, la sivyo utaiua na hiyo. Nitaeleza taratibu kwa sababu hapa ndipo multimita nyingi huungua fyuzi.

Fungua bonneti na mlango wa dereva. Sukuma komeo la mlango kwa bisibisi mpaka libane, ili gari lidhani mlango umefungwa. Komeo la bonneti fanya vivyo hivyo kama alamu yako inalifuatilia. Toa ufunguo, upeleke mbali, zima kila kitu. Multimita iwe kwenye ampea 10, na waya mwekundu uhamie tundu la 10A. Wengi husahau hili.

Sasa legeza kichwa cha waya wa hasi wa betri kwa spana ya 10, lakini kabla ya kuitoa, gusisha ncha moja ya multimita kwenye nguzo ya hasi ya betri na nyingine kwenye kichwa cha waya, kisha ndipo uvute kichwa kitoke. Ukifanya hivyo umeme haukatiki, na vifaa vya gari haviamki upya. Mwanzoni utaona ampea moja, pengine mbili au tatu. Usishtuke. Subiri dakika 20 hadi 30, na gari la Ulaya lipe saa nzima, mpaka kompyuta zote zilale. Kuanzia hapo usifungue mlango, usiguse rimoti, na kamwe usijaribu kuwasha injini. Stata ikivuta kupitia multimita, fyuzi ya ndani inakwenda, na pengine multimita yenyewe.

Ukisoma chini ya ampea 0.05 (miliampea 50), gari ni zima, tatizo ni betri au chaji. Ukisoma 0.15 au 0.3, kuna kinachonyonya. Badala ya kung'oa fyuzi moja moja, ambako kunaweza kuamsha kompyuta, funga tena kichwa cha hasi kabla ya kuondoa multimita, rudisha waya mwekundu kwenye tundu la volti na multimita kwenye milivolti, kisha uguse vijicho viwili vidogo vya chuma juu ya kila fyuzi. Fyuzi isiyopitisha kitu inasoma 0.0. Inayosoma hata milivolti chache, umeme unapita hapo. Ifuate saketi hiyo.

Hesabu yako: kutoka 12.6 hadi 12.1 kwa siku tisa ni zaidi ya nusu ya betri, tuseme AH 33. Gawanya kwa saa 216, unapata karibu miliampea 150. Hiyo si saa ya redio.

Lanet_GDB (Nakuru)

Nimepima. 0.16 baada ya dakika 35. Fyuzi zote za ndani na za chini ya bonneti zinasoma sifuri isipokuwa ya saa, kidogo sana.

WayaSawa (Nakuru)

Basi kinachonyonya hakipiti kwenye fyuzi za gari. Vinabaki viwili: kitu kilichofungwa mtaani moja kwa moja kwenye betri au kwenye waya wa swichi ya ufunguo, au alteneta.

Alteneta ina daiodi ndani zinazozuia umeme usirudi. Moja ikivuja, betri inajimwaga kupitia alteneta usiku na mchana. Toa hasi ya betri, fungua nati ya waya mnene nyuma ya alteneta, ufunike waya huo kwa tepu usiguse chuma, rudisha multimita na usome tena. Ikishuka hadi 0.03, umempata mwizi. Isiposhuka, fuata nyaya zote zisizo za kiwandani: traka, alamu, ampu ya muziki, kamera ya kioo.

Kibos_Roadster (Kisumu)

Traka zisemwe peke yake. Gari la mkopo au la bima kubwa karibu lazima liwe na traka, na fundi huificha nyuma ya dashibodi akichukua umeme popote anapopata. Traka iliyolala vizuri hunyonya miliampea chache. Ile isiyopata mtandao, gari likiwa gereji ya chini au ya mawe mazito, haipumziki. Inatafuta mnara usiku kucha na unyonyaji unaongezeka mara kadhaa. Dalili ni gari linalomaliza betri likiwa ndani ya gereji lakini si likiegeshwa nje.

Usiing'oe mwenyewe. Mkataba wako pengine unakataza, na ukikata betri inatuma taarifa kwamba umeme umekatwa. Piga simu kwanza kampuni husika, waeleze, waombe ipangwe kutuma mahali ilipo mara chache gari likiwa limezimwa. Mara nyingi hilo linawezekana kwa mipangilio tu.

Lanet_GDB (Nakuru)

Ni alteneta. Nilipotoa ule waya ilishuka hadi 0.02.

WayaSawa (Nakuru)

Safi. Fundi wa umeme akupe bamba la daiodi jipya, au alteneta nzima kama beringi nazo zinalia. Ikisharudi, washa injini, taa kubwa na feni, upime kwenye betri: 13.8 hadi 14.5 ni sawa. Chini ya 13.3, angalia mkanda na nyaya. Ikipita 15, regyuleta (kidhibiti volti cha alteneta) imekufa na itachemsha betri. Kisha weka multimita kwenye volti za AC (mkondo geu, si kiyoyozi), injini ikiwa inanguruma. Ikizidi 0.5, daiodi bado si nzima, mrudishie fundi.

Betri yako ya miezi mitano ichaji polepole kwa ampea 5 hadi ijae, uiache usiku mmoja bila kuunganishwa. Ikisoma 12.6 asubuhi, imepona.

Milimani_Boxer (Kisumu)

Chaja gani ya kuacha imechomekwa wiki nzima? Nina ile nzito ya mtaani yenye mshale.

Mamboleo_Umeme (Kisumu)

Hiyo ya mshale usiiache hata usiku mmoja bila mtu. Haijui kusimama. Betri ikijaa inaendelea kusukuma, maji yanachemka, gesi ya haidrojeni inatoka, na cheche moja inatosha kupasua betri.

Unachotaka ni chaja ya kutunza, inayojaza hadi volti 14.4 kwa betri ya maji, au 14.4 hadi 14.8 kwa AGM kama ilivyoandikwa ubavuni, kisha ishuke yenyewe hadi 13.2 au 13.6 na kukaa hapo. CTEK na NOCO wanatengeneza za hivyo, na ampea 1 hadi 5 zinatosha gari la kulala. Angalia mambo matatu. Kwanza, iwe ya volti 220 hadi 240. Za Marekani za volti 120 huingia nchini kwenye mizigo na zinaungua mara ya kwanza. Pili, iwe na kihisi cha joto kama gari liko huku ziwani, kwa sababu betri yenye joto inahitaji volti kidogo kupungua, karibu 0.2 hadi 0.3 ukitoka nyuzi 25 hadi 35.

La tatu ndilo linaloangusha watu: stima ikipotea na kurudi, je, chaja inaendelea yenyewe? Nyingine hurudi kwenye hali ya kusubiri mpaka ubonyeze kitufe. Kwa jinsi stima inavyokatika, utasafiri wiki mbili ukidhani gari linatunzwa kumbe chaja ilizima siku ya pili, na sasa yenyewe ndiyo inayonyonya kidogo. Ijaribu kabla ya kuitegemea: ichomeke, zima soketi dakika moja, washa, utazame taa. Tena weka kinga ya umeme kwenye soketi. Radi za huku hazihitaji kuhadithiwa.

Kitale_Z

Na mahali pasipo na stima karibu na gari?

Mamboleo_Umeme (Kisumu)

Sola. Paneli ya wati 10 kwa jua la saa tano kamili inakupa karibu AH 2.5 kwa siku, mara mbili ya gari la miliampea 50. Masika au kama kuna traka, chukua wati 20. Lazima kuwe na kidhibiti chaji kati ya paneli na betri, na uchague aina ya betri kwenye mipangilio yake. Unganisha betri na kidhibiti kwanza, paneli mwisho, na ukitoa anza na paneli. Weka fyuzi ya ampea 5 kwenye waya wa chanya, sentimita chache tu kutoka kwenye betri. Paneli iwe nje juu ya paa. Ukiilaza nyuma ya kioo cha gari inapoteza nguvu nyingi na inapikwa na joto.

Kitale_Z

Je, kutoa tu hasi na kuondoka?

WayaSawa (Nakuru)

Ni njia halali na haina gharama, kwa mwezi mmoja hadi miwili, betri ikiwa imejaa kabla ya kuikata. Lakini kwa Fairlady yako, Z33 (350Z), soma hapa kwanza.

Milango haina fremu ya kioo. Ukifungua, kioo hushuka kidogo ili kiachane na mpira, ukifunga hupanda. Betri ikiwa imekatwa, kioo hakishuki, na ukifunga mlango kwa nguvu unakigonga kwenye mpira na chuma. Kabla ya kukata, teremsha kioo kidogo, au acha mlango wazi hadi umalize. Hatchi ya nyuma nayo hufunguka kwa umeme, kwa hiyo usiifunge ukiwa umeacha spana ndani. Betri yenyewe iko chini ya kifuniko cha plastiki karibu na kioo cha mbele.

Ukirudisha umeme, shusha kioo hadi mwisho, kipandishe hadi juu na ushikilie swichi sekunde tatu zaidi baada ya kufunga. Fanya hivyo pande zote mbili. Injini inaweza kuzunguka juu au chini kidogo siku ya kwanza. Iache ipate joto kamili bila AC wala taa, itajipanga upya. Redio zenye namba ya siri zitakuuliza namba, itafute kabla.

Kibos_Roadster (Kisumu)

Kwa wenye MX-5 NA na NB: betri iko ndani ya buti, kulia. Hapo ndipo naona makosa ya hatari zaidi, kwa hiyo nisamehewe kwa urefu.

Betri ya kiwandani ni AGM iliyofungwa, na ina matundu ya gesi yanayounganishwa na vibomba vidogo vya mpira vinavyopeleka gesi nje chini ya gari. Watu wanaifunga betri ya kawaida ya NS40 kwa sababu inaingia. Haina tundu la bomba. Ikichajiwa, gesi na ukungu wa asidi vinajaa buti. Chuma cha sakafu kinaanza kutoa malengelenge ya kutu chini ya zulia, na gesi ile ikikutana na cheche ya swichi ya taa ya buti ni hatari kweli. Nunua betri yenye tundu la bomba, unganisha mabomba yote mawili, uhakikishe hayajakunjwa.

Kubadilisha: buti wazi, taa zimezimwa. Toa hasi kwa spana ya 10, ifunge kwa kitambaa. Toa chanya. Fungua klampu ya kushikilia, toa mabomba, inua betri bila kuilaza. Tazama sakafu. Ukiona unga mweupe au kijani, koroga magadi kijiko kimoja kwenye kikombe cha maji vuguvugu, mwagia, litachemka povu, likitulia futa kwa maji safi, kausha, paka rangi ya kuzuia kutu. Vaa miwani na glavu. Weka mpya, klampu ibane isitikisike hata kwa mkono, kwa sababu mtikisiko huangusha risasi kutoka kwenye bamba. Chanya kwanza, hasi mwisho, halafu grisi nyembamba au vaselini juu ya vichwa vilivyokwisha kubanwa.

Lanet_GDB (Nakuru)

Herufi za kwenye betri zinanichanganya. 55D23L, 75D23R, NS60...

WayaSawa (Nakuru)

Ni mfumo wa Japani. Chukua 55D23L. 55 ni nguvu yake kwa jumla, kubwa zaidi ni nguvu zaidi. D ni upana na kimo, hapa upana ni milimita 173. 23 ni urefu kwa sentimita. L au R ni upande wa nguzo. Simama kwenye ubavu mfupi ulio karibu na chanya: chanya ikiwa kushoto kwako ni L, kulia ni R. Ukinunua R badala ya L, waya haufiki, na anayevuta waya kwa nguvu ndiye anayeishia kufunga kinyume na kuunguza daiodi za alteneta na fyuzi kuu. 75D23L inaingia sawa kabisa mahali pa 55D23L na ina nguvu zaidi.

NS40, NS60 na NS70 ni majina ya zamani ya vipimo vilevile: NS60 ni jamii ya 46B24, NS70 ni 65D26. Angalia pia unene wa nguzo. Betri za B mara nyingi zina nguzo nyembamba, chanya milimita 14.7, wakati za D ni 19.5. Usibane kichwa kipana juu ya nguzo nyembamba ukijaza vipande vya bati. Kuna pete za risasi za kazi hiyo. Gari lenye kuzima injini lenyewe kwenye taa za barabarani linaandikwa tofauti, N-55 au Q-85, na haliwekewi betri ya kawaida.

Dukani omba tarehe ya kutengenezwa na upime volti mbele ya muuzaji. Iliyokaa rafuni zaidi ya miezi sita bila kuchajiwa, au inayosoma chini ya 12.5, iache hapo. Tayari imeanza ugonjwa tuliouzungumzia.

Milimani_Boxer (Kisumu)

Porsche 987, betri iko mbele chini ya bonneti, na bonneti inafunguliwa kwa swichi ya umeme. Betri ikifa kabisa?

Mamboleo_Umeme (Kisumu)

Kwa 987 na 997, fungua mlango kwa ufunguo wenyewe. Kwenye kisanduku cha fyuzi cha ndani, karibu na miguu, kuna pini nyekundu inayovutwa nje. Unganisha chanya ya betri nyingine ya volti 12 hapo, na hasi kwenye chuma tupu cha bawaba ya mlango. Alamu italia, izime kwa rimoti. Vuta swichi ya bonneti, itafunguka. Usijaribu kuwasha injini kupitia pini hiyo. Waya wake ni mwembamba, ni wa kufungulia tu. Ukishafika kwenye betri, jampu hapo au ichaji.

Na kama utaacha gari bila umeme, bonneti usiifunge ikabana.

Section58_M3 (Nakuru)

Wa BMW wasisahau: E90 na E92, za 3 Series, zina kihisi kwenye waya wa hasi kinachohesabu chaji. Betri iko kwenye buti, lakini chaja iunganishwe kwenye nguzo za chini ya bonneti, au angalau hasi iende kwenye bodi, si moja kwa moja kwenye nguzo ya betri. La sivyo kompyuta haioni ulichokichaji. Ukiweka betri mpya, isajiliwe kwa mashine ya kusoma kompyuta, na kama umebadilisha AH au umetoka maji kwenda AGM, hilo nalo liandikwe. Bila hivyo gari linaendelea kuichaji kama kizee ilichokizoea.

Kitale_Z

Kujampu barabarani: lori linafaa?

WayaSawa (Nakuru)

Hapana, mkuu. Malori mengi na mabasi ni volti 24. Dereva wa kukusaidia ana nia njema, lakini volti 24 kwenye kompyuta ya gari lako ni mwisho wake. Omba matatu ndogo au gari dogo la volti 12, na upime betri yake kwanza ukiwa na multimita.

Mpangilio: chanya ya betri iliyokufa, chanya ya nzima, hasi ya nzima, mwisho chuma kinene cha injini ya gari lako mbali na betri. Subiri dakika kumi injini ya msaidizi ikiwa inanguruma, ndipo uwashe. Ikishawaka, toa kwa kinyume. Halafu usiitegemee alteneta ijaze betri tupu kabisa. Ni kazi ya saa nyingi kwa joto kubwa, na alteneta haikuundwa kwa hilo. Fika nyumbani, weka chaja.

Kibos_Roadster (Kisumu)

Na kama chaja ya kisasa inakataa kuiona betri iliyoshuka hadi volti 3?

Mamboleo_Umeme (Kisumu)

Itoe garini. Iunganishe na betri nzima ya volti 12, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, mahali penye hewa, kisha chaja iwekwe kwenye ile nzima. Baada ya nusu saa hivi iliyokufa itakuwa imepanda vya kutosha. Itenganishe, uichaji peke yake kwa ampea 2 hadi 4, saa 24. Gusa ubavu wake mara kwa mara. Ikipata moto, acha. Ikishajaa na kutulia ikasoma 10.5, seli moja imekufa, maana kila seli ni volti 2.1, na hakuna chaja itakayoifufua. Ipeleke duka la betri, wengi hupunguza bei ya mpya kwa kurudisha ya zamani. Ibebe wima, ndani ya karai la plastiki, nguzo zimefunikwa tepu.